Nenda Delhi Ukatembee

Riziki mwanangu,

Tunaishi nyumba moja, na sasa hivi nakusikia chumba cha pili ukipigana na zipu ya sanduku, kwa hiyo sitakuuliza hujambo. Najua hujambo. Mimi pia sijambo, ila nina hasira, na hasira hizi nimeona bora niziandike, maana tukizungumza wewe unanijibu kwa Kiingereza na mimi nasahau nilichotaka kusema. Karatasi hainijibu. Nitakuwekea mezani penye chai, uisome kesho kabla hatujatoka kwenda uwanja wa ndege.

Sitakuambia uvae soksi nzito, wala usali kabla ya kula. Hayo nimekuambia tangu kambini Nyarugusu, ulipokuwa unakimbia bila viatu, na kama hayajaingia hadi leo basi tena. Nataka kukuambia habari za Delhi. Katika ukoo wetu, kwa walio hai, mimi peke yangu ndiye niliyefika huko. Wote wanaokukataza wameiona kwenye simu.

Mjomba wako Byamungu amenipigia kila siku wiki hii, akitoka kiwandani kwake Jeffersontown, hata kofia ya kazi hajaivua. Unamjua kaka yangu, akisema jambo Louisville linatakiwa lisikike mpaka Buffalo.

“Donc, Furaha,” akaniambia, “unamutuma mutoto fasi ile ile kwenye Mapendo alifia? Iko mugonjwa?”

“Hapana, yaya, kaka yangu. Anaenda kutembea tu.”

“Kutembea! Kwetu mutu anasafiri juu ya vita, juu ya kilio, ao juu ya ndoa. Kutembea ni mambo ya bazungu. Nani kwetu alishaka kwenda fasi pa kuangalia tu?”

“Basi Riziki atakuwa wa kwanza.”

Akakata simu. Dakika hiyo hiyo akapiga mama yako mdogo Chantal kutoka Buffalo, theluji imemfungia ndani na hana kazi nyingine zaidi ya kuota. Akasema amemuota marehemu dada yetu Mapendo amesimama mlangoni, analia, anatukataza. Nikamwambia, “Chantal, ile haikuwa Mapendo. Mapendo hakuliaka. Uliota mutu mwingine, umuombe musamaha.” Baba yako alikuwa anakula, akacheka mpaka ugali ukampalia. Halafu akasema neno lake moja la wiki: “Aende.” Ndiye aliyekununulia hilo sanduku.

Nimekaa nikawaza kwa nini wanakasirika hivi. Nadhani nimejua. Sisi hatujawahi kwenda mahali kwa kupenda. Tulivuka ziwa kutoka Uvira mimi nimekubeba mgongoni na sufuria iko kichwani. Tulipanda lori la kambi bila kuuliza linakwenda wapi. Tulipanda ndege na mfuko wa plastiki wenye karatasi zetu shingoni, na jina la Columbus tulilisoma kwenye karatasi kama mgonjwa anavyosoma jina la dawa. Walituweka Linden kwenye nyumba yenye panya, tukashukuru. Tukahamia hapa Reynoldsburg, tukashukuru tena. Sasa wewe, mtoto wa Nyarugusu, umefanya kazi ghalani ukisukuma maboksi, umeomba likizo yako, ukaweka kidole chako mwenyewe kwenye ramani na kusema nataka kwenda hapa, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulichungulia filamu za Kihindi kwenye kile kibanda cha video cha kambini na ukapenda. Hiyo tu ndiyo sababu yako. Mimi naona ni sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kusafiria.

Na mwaka huu, ambapo kila televisheni inabishana kama watu wa aina yetu waingie nchi hii au wasiingie, mimi nataka mmoja wetu atoke kwa mlango wa mbele na pasipoti yake mkononi, akatembee, halafu arudi zake nyumbani.

Sasa sikiliza niliyoyaona.

Ukitoka kwenye ndege, usimfuate mtu yeyote anayekuita dada. Ndani ya uwanja, kabla hujatoka nje, kuna dirisha la teksi za kulipia kabla. Lipa hapo, shika risiti, na usimpe dereva mpaka umefika. Njiani dereva anaweza kukuambia hoteli yako imeungua moto. Haijaungua. Atakuambia barabara imefungwa kwa ajili ya maandamano. Haijafungwa. Mimi niliambiwa nyumba yangu ya wageni imebomolewa, nikaanza kumlilia mwenye nyumba na watoto wake, kumbe ilikuwa mbele yetu na taa zinawaka.

Bajaji unazijua tangu Kasulu. Ni zile zile, ila zina rangi ya kijani na njano, na wenyewe wanapiga honi kuliko unavyoweza kuamini. Elewana bei kabla hujaketi. Akitaja bei, wewe cheka. Usikasirike, cheka tu kisha anza kuondoka polepole. Mimi sikujua kuondoka polepole, niliondoka kweli kweli, nikatembea kwa miguu kwenye jua lile mpaka viatu vikalegea.

Chupa ya maji, fungua kizibo wewe mwenyewe na usikie kinavyokatika. Chai ya barabarani kunywa bila hofu, inachemka mbele ya macho yako. Kula kwa mkono wa kulia, hilo hawana la kukufundisha. Kwenye hekalu vua viatu, na uvae soksi za zamani, maana mawe ya sakafuni yanachoma.

Lakini nilisema sitakupa maagizo, na tazama ninavyokwenda. Nikuambie kosa langu.

Unajua nilipelekwa Delhi kumuuguza mama yako mkubwa Mapendo, aliyebaki Uvira sisi tulipokimbia. Moyo ulikuwa umemchoka, daktari wa kule akasema India. Familia na makanisa ya miji mitatu wakachanga, na mimi nilikuwa nimepata pasipoti mapema, basi nikaenda. Siku za kwanza nilifanya kama tunavyofanya sisi wote: nilikaa. Nilikaa kitandani pake, nilikaa kwenye benchi la duka la dawa, nilikaa chumbani nikipika wali. Jioni Mapendo ananiuliza, “Leo uliona nini?” Namwambia dawa fulani imepanda bei. Siku moja akachoka nami.

“Furaha, weye uko Delhi na unanihadisia bei ya dawa? Mimi nimefungwa hapa na mipira puani. Macho yako njo macho yangu. Kesho toka. Urudi na habari, ao usirudi.”

Ndivyo nilivyotoka. Mapendo mwenyewe ndiye aliyenituma. Shika neno hilo, tutalirudia.

Kesho yake nilikwenda mpaka karibu na stesheni kubwa ya treni. Akaja mwanaume mwenye shati lililonyooka, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akaninyooshea mkono akasema, “Pasipoti.” Nikampa. Riziki, nilimpa! Sikumuuliza wewe nani. Wewe uliyesoma hapa Ohio tangu mdogo ungemuuliza maswali kumi. Mimi mpakani nilitoa karatasi, kambini nilitoa kadi ya chakula, kwenye mahojiano nilitoa vidole vyote vya mikono. Kila mtu aliyeninyooshea mkono kwa uhakika nimemwekea karatasi mkononi. Mkimbizi akiona kitambulisho, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye begi.

Akapanda ngazi nayo, nami nyuma yake. Juu kulikuwa na ofisi ya safari, picha za milima ukutani, wanaume wawili na feni. Wakaniambia sina kibali cha kuwa mjini bila kununua safari ya gari ya kwenda milimani. Pasipoti yangu wameiweka chini ya kikokotoo. Nikawaambia nina mgonjwa. Wakasema milimani kuna hewa nzuri.

Nikaona Kiingereza hakitanisaidia. Nikavua viatu, nikakaa chini katikati ya ofisi yao, nikaweka mikono kichwani, nikalia kilio cha matanga. Kile cha kwetu Uvira, cha kuita marehemu mmoja mmoja. Nilianza na babu yangu. Nilipofika kwa shangazi zangu watu walikuwa wameshajaa kwenye ngazi: fundi cherehani wa duka la chini na futi yake shingoni, mama mmoja na kikapu cha vitunguu, vijana wa simu. Hawakujua neno hata moja, lakini kilio hakihitaji mkalimani. Mama wa vitunguu akaanza kuwafokea wale wanaume. Mmoja akaniwekea pasipoti mapajani kana kwamba inamuunguza. Nikavaa viatu, nikamalizia jina la shangazi wa mwisho kwa heshima, nikateremka.

Nilipomsimulia Mapendo alicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele na muuguzi akaja mbio. “Ulimulilia shangazi Nabintu juu ya pasipoti!” Alirudia hivyo siku nzima.

Kwa hiyo pasipoti yako wanaoishika ni wa uhamiaji, ndani ya uwanja, na mapokezi wa hoteli mbele ya macho yako, mpaka watoe nakala, basi. Mwingine yeyote akinyoosha mkono, mpe mkono, umsalimie.

Tangu siku hiyo nilitoka kila asubuhi. Panda treni za chini ya ardhi, ni safi kuliko ukumbi wa kanisa letu. Behewa la kwanza ni la wanawake, tafuta alama ya rangi ya waridi sakafuni. Humo ndani nilikaa kwa raha. Msichana mmoja alishika nywele zangu akaniuliza nilisuka kwa saa ngapi, wakaja na wenzake, tukawa tunashikana nywele mpaka wakapitiliza kituo chao. Hao ni wengi, nataka ujue.

Na wengine wapo. Sitakuficha. Yupo kijana aliyenirushia neno mtaani. Sikulijua neno, uso wake niliujua. Yupo mwenye nyumba ya wageni aliyeniambia vyumba vimejaa, na funguo zote zimening'inia ukutani nyuma ya kichwa chake. Unajua nilimwambiaje? Nilimwambia asante. Nikainama kidogo na kumwambia asante, kama nilivyomwambia kila aliyewahi kunifungia mlango. Neno hilo linaniuma mpaka leo kuliko neno la yule kijana. Wewe usimwambie mtu wa namna hiyo asante. Mwambie, “Funguo naziona,” kisha chukua sanduku lako uende kwingine. Usibishane ili ulale kwake. Lakini ajue kwamba umeona.

Watakukodolea macho. Watakuomba picha. Ukitaka, piga nao. Usipotaka, kataa. Usishushe macho chini hata siku moja. Umelipa nauli kama wao, na tiketi ya mgeni kwenye majumba ya kale utalipa zaidi yao.

Kuna kaburi moja kubwa la mfalme wa zamani, la mawe mekundu, na bustani yenye mifereji ya maji. Nilifika huko siku moja kabla Mapendo hajapasuliwa. Mtoto wa shule akanipiga picha kwa simu yangu, nimesimama kwenye ngazi nimevaa kitenge alichoniazima Mapendo, natabasamu meno yote. Jioni Mapendo aliikuza ile picha kwa vidole vyake viwili, akaangalia jengo, akaangalia ndege waliokuwa juu ya paa, akasema, “Kitenge changu kimefika kwa mfalme.” Akalala na simu yangu kifuani. Kesho yake wakampeleka chumba cha upasuaji, naye hakuamka tena. Muuguzi alinifunika mdomo kwa upole, wodini kuna wagonjwa, na dada yangu sikumlilia kwa sauti.

Tulimrudisha Uvira, tukamzika, na mimi nikarudi Marekani. Familia ikakutana Louisville kwa matanga, sebuleni kwa mjomba wako. Ulikuwepo, ulikuwa unapitisha sahani za wali. Chantal akaomba kuona picha za mwisho za marehemu, nikampa simu, simu ikapita mkono kwa mkono. Ikamfikia mjomba wako ikiwa kwenye picha ya kaburi la mfalme.

“Mwenzako iko anakufa,” akasema, “weye uko unapiga mafoto?”

Sebule nzima ikanigeukia. Na mimi, Riziki, sikufungua mdomo. Sikuwaambia ni Mapendo aliyenituma. Sikuwaambia alivyocheka. Nikainamisha kichwa, nikachukua simu, nikafuta picha zote mbele yao, moja baada ya nyingine, ili wanione nina huzuni ya kutosha. Nikafuta na ile aliyolala nayo kifuani.

Hilo ndilo kosa langu. Kutembea hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kufuta.

Tangu hapo wamesema Delhi ilimla Mapendo na mimi nilikuwa natalii. Wamesema, nami nimenyamaza. Basi leo mchana nilipompigia mjomba wako sikunyamaza. Nilimwambia yote niliyokuandikia hapa, mpaka shangazi Nabintu. Nilimwambia, “Yaya, mugonjwa njo alinituma, na ningerudi nyuma ningepiga mafoto mara mbili.” Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, “Bon. Lakini mutoto asiende.” Unaona mtu! Nimempa ukweli niliouficha miaka yote, anaurudisha kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake.

Sikiliza basi, mwanangu. Usiende kule hospitali. Usinitafutie lile benchi la duka la dawa. Usiende kusimama kwenye zile ngazi upige picha kama yangu ili unifurahishe. Mimi sijakutuma, na Mapendo hayupo Delhi. Ukipenda kaburi la mfalme nenda, usipolipenda pita, nenda kale vitu vitamu mtaani. Wanawake wa kanisani wameleta maombi yao, huyu nywele, huyu vitambaa, huyu dawa ya miguu ya mume wake, kama ilivyo kawaida yetu mtu akisafiri, na mimi nimewakatalia wote mlangoni. Wamenuna. Watanunua hapa hapa. Kwetu msafiri hubeba mizigo ya mtaa mzima. Wewe utabeba yako.

Naogopa, usifikiri siogopi. Nikikuwaza peke yako kwenye umati ule, naamka usiku kuangalia kama bado upo chumbani. Lakini nimeogopa maisha yangu yote, na woga haukumwokoa mtu yeyote niliyempenda. Kwa hiyo nimeamua kuogopa huku wewe ukiwa unaenda. Nipigie ukifika. Nipigie ukipotea. Ukiona kitu kizuri usinipigie, kiangalie kwanza mpaka umalize.

Muda huu huu simu imelia tena. Ni mke wa mjomba wako. Amenong'ona kwamba mumewe ameomba ruhusa kazini, alfajiri anawasha gari Louisville, anakuja moja kwa moja uwanja wa ndege kukuzuia kwa mikono yake. Sikumwambia amzuie. Mwache aje, ni mjomba wako, na ni kaka yangu, na pale atakaposimama ni kwa kukupenda.

Ukimkuta mlangoni, weka sanduku chini. Mwamkie kwa mikono miwili kama nilivyokufundisha. Muulize habari za Louisville, za barabara, za mgongo wake. Msikilize mpaka amalize, usimkatize, usimjibu kwa Kiingereza. Akimaliza, mwambie, “Mjomba, nimesikia.” Halafu chukua sanduku lako na upite.

Atakunyooshea mkono akushike. Huo mkono niachie mimi.

Mama yako,
Furaha